"Ugali Matumbo Amelipa": Hoteli Nayo Ina Sarufi

Hoteli mpya imefunguliwa mjini Nyeri, hatua chache kutoka Barabara ya Gakere, na juma lililopita nilipata wasaa wa kula humo chakula cha mchana. Nasema "hoteli" kwa maana ambayo Wakenya wengi wa bara hulipa neno hilo, yaani mahali pa kula, wala si mahali pa kulala. Wasomaji wetu wa pwani na wa Tanzania huenda wangependelea mkahawa au mgahawa, na sina ugomvi nao. Lakini mtu akisimama katika kituo cha matatu mjini Nyeri na kuuliza mkahawa uko wapi, ataeleweka, ila atajulikana papo hapo kuwa ama ni mgeni ama ni mwalimu wa Kiswahili.

Nyeri ni mji wa hoteli kwa maana zote mbili. Kuna Outspan, iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker katika miaka ya 1920, na kulikuwa na kile kibanda cha juu ya mti alichokijenga mwaka 1932 na kukiita Treetops, mahali alipokuwa Binti Mfalme Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki naye akawa malkia. Habari za hoteli hizo zimejaa vitabuni. Hoteli ninayoizungumzia mimi haitaandikiwa kitabu. Ina meza kumi na mbili zilizotandikwa plastiki yenye maua, tangi la maji mlangoni lenye kipande cha sabuni kinachoning'inia ndani ya wavu, televisheni inayopiga kelele bila mtu kuitazama, na ukuta unaotenga jiko, wenye tundu la mraba la kupitishia sahani. Wahudumu ni wawili, msichana na mvulana, na mwenye hoteli, mama wa makamo, huketi karibu na mlango akipokea fedha na kusoma ujumbe wa malipo katika simu.

Niliagiza mukimo na nyama ya ng'ombe. Mukimo ulikuwa umepondwa sawasawa, viazi, mahindi mabichi, minji na majani ya maboga, na mahindi yalikuwa bado na utamu wa shambani, jambo lisilopatikana Nairobi hata kwa bei mara tatu. Nyama ilikuwa ngumu kidogo. Nilimalizia kwa chapati moja, laini na yenye tabaka, na chai ya maziwa iliyochemka hadi ikabadilika rangi kuwa ya udongo mwekundu. Kwa haya yote nililipa shilingi 250. Anayepita Nyeri akiwa na njaa asisite kuingia.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya mukimo. Nilikuwa nimeketi karibu na lile tundu la sahani, na kwa muda wa saa nzima masikio yangu yalikuwa na kazi kuliko meno. Msichana alitokea na sahani nne mkononi akauliza, "Nani kuku?" Kijana mmoja aliyevaa sare ya mlinzi akajibu, "Kuku ni mimi." Akanigeukia, "Na wewe ni nini, mkubwa?" Nikamwambia, "Mimi ni mukimo nyama." Akauliza meza ya pili, "Huyu guka ndiye chapati ndengu?" Akajibiwa, "La, guka ni githeri. Chapati ndengu ni mimi, na bado." Baadaye kidogo mwenye hoteli akauliza kutoka mlangoni, "Ugali matumbo amelipa?" Mvulana akajibu, "Amelipa. Wali maharagwe ndiye hajalipa, ametoka nje kupiga simu."

Kila mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari anayafahamu mazungumzo ya aina hii, na kila mwanafunzi aliyewahi kujitayarisha kwa mtihani wa KCSE ameyakuta katika vitabu vya marudio. Karatasi ya pili ya mtihani huo, yenye alama 80, hutenga alama 10 kwa isimujamii, na miongoni mwa sajili zinazopendwa sana na watahini ni sajili ya hotelini. Mwanafunzi hupewa kifungu ambamo mhudumu anauliza nani kuku, kisha huambiwa aitambue sajili na kutaja sifa zake. Sifa zenyewe hukaririwa kama dua: hutumia msamiati wa vyakula, hutumia sentensi fupi, huchanganya ndimi, ni lugha ya heshima, humrejelea mteja kwa jina la chakula chake, na, mwisho wa yote, haizingatii kanuni za sarufi.

Sifa zile nyingine nazikubali, ijapokuwa zimeorodheshwa kivivu. Hiyo ya mwisho naikataa. Si kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko wanavyodhani wanaoifundisha.

Na tuitazame tena sentensi ya yule mama aliyeketi mlangoni. Neno "ugali" liko katika ngeli ya U. Tunasema ugali umeiva, ugali umepoa, ugali umeungua. Neno "matumbo" nalo ni la ngeli ya LI-YA, hivyo yameiva, yamechacha, yamekwisha. Kama lugha ya hotelini haina kanuni, tungetarajia mama yule aseme lolote lililomjia mdomoni: "ugali matumbo umelipa" au "ugali matumbo yamelipa". Hakusema hivyo. Alisema "amelipa", akatumia upatanisho wa ngeli ya A-WA, ngeli ya watu. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo "ugali matumbo" halikuwa tena jina la chakula. Lilikuwa jina la mtu aliyekila, na sarufi ikamfuata mtu. Mvulana naye alijibu kwa "ndiye" na "hajalipa", wala hakutumia "ndio" na "haujalipa", ingawa wali ni ngeli ya U kama ugali. Wote wawili walifanya uchaguzi huo bila kusita, kelele za televisheni zikiwa juu na sahani zikigongana.

Kuna lililonifurahisha zaidi. Saa saba na nusu hivi, msichana aliinama kwenye tundu akawaambia wapishi, "Wale chapati wawili wanataka chapati mbili tena." Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasikia. Chapati wawili ni wateja, chapati mbili ni chakula. Neno ni lile lile, limetumika mara mbili katika sentensi moja, na kiambishi cha idadi ndicho kinachotenganisha anayekula na kinacholiwa. Mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili angeniletea uchanganuzi kama huo ningemsifu mbele ya wenzake. Msichana yule aliutoa akiwa amebeba thermosi kwa mkono wa pili.

Nadhani najua kwa nini watunzi wa vitabu vya marudio hawakuliona jambo hili. Mfano wao mpendwa ni kuku, na kuku, kwa bahati mbaya, ni ngeli ya A-WA hata akiwa shambani. "Kuku amelipa" haitofautiani kwa upatanisho na "kuku amelala". Wangechagua mfano wa ugali, au wa chapati, au wa githeri, kanuni ingewakodolea macho.

Wala hili si jambo la Nyeri peke yake. George Lakoff na Mark Johnson, katika kitabu chao cha mwaka 1980 kuhusu sitiari, walitoa mfano uliopata umaarufu wa mhudumu wa Kimarekani anayemtaja mteja kwa jina la mkate wenye nyama ya nguruwe aliouagiza, akisema kwamba mkate huo unangoja hesabu yake. Na katika Kiingereza pia kiwakilishi kinachofuata ni cha mtu, si cha kitu. Wajapani nao wana sentensi ambayo wataalamu wao wa sarufi wameijadili kwa miaka mingi, ambayo tafsiri yake ya moja kwa moja ni "mimi ni mkunga", maana yake kwamba mimi nimeagiza samaki aitwaye mkunga. (Tafsiri hiyo ingezua kicheko katika wodi ya wazazi, lakini hilo ni la wataalamu wa homonimu.) Mwaka 1978 Keiichiro Okutsu alichapisha kitabu kizima juu ya sarufi ya sentensi hiyo. Sentensi ya mhudumu wa Tokyo imeandikiwa kitabu, ya mhudumu wa Marekani inasomwa vyuo vikuu duniani kote, na ya mhudumu wa Nyeri inafundishwa kama ithibati ya kutojua lugha. Sisi wenyewe ndio tunaoifundisha hivyo.

Kama tunatafuta lugha ya hotelini iliyokosa sarufi, historia ya mlima huu inatupa moja. Waingereza walianzisha kituo chao cha utawala Nyeri mwaka 1902, na katika miongo iliyofuata walowezi walienea kuelekea Nanyuki na kwingineko. Kiswahili walichokitumia kuwaagiza wapishi na wapagazi wao kilikuja kuitwa Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha amri. Kiliacha upatanisho wa ngeli, kikaviangusha viambishi, kikazungumza na mtu mzima kana kwamba ni mtoto. Ndicho kilichosikika katika vyumba vya kulia vya hoteli kubwa za wakati huo, Mwafrika akiwa amesimama na sinia. Mhudumu wa leo hamwangushi mteja wake kutoka ngeli ya A-WA hata anapomwita kwa jina la chakula. Tofauti kati ya Kiswahili hicho na hiki ni kubwa, na ingefaa kufundishwa.

Madhara niliyoyataja nimeyaona kwa macho. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi kutoka upande wa Karatina, msichana mwerevu, ambaye mama yake alikuwa na kibanda cha chakula karibu na soko. Katika semina moja niliwaomba wanafunzi watoe data ya usemi wa kila siku kutoka nyumbani kwao. Wengine walileta mazungumzo ya matatu na ya kanisani. Yeye, aliyekuwa ameosha sahani katika kibanda kile likizo zote tangu darasa la tano, alileta taarifa ya habari ya redio. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika lugha ya kibandani, alijibu kwa upole kwamba ile si data, ni makosa, na kwamba walifundishwa hivyo kidato cha tatu. Hakuwa akiwadharau watu wa kwao. Alikuwa tu amekariri jibu la alama mbili, nalo likamfuata hadi chuo kikuu likamziba masikio asimsikie mama yake mzazi.

Najua pingamizi litakalotolewa na walimu wenzangu, na ni la haki. Tukiwaambia vijana kwamba "mimi ni chapati" ni sarufi sahihi, si watatuandikia insha za aina hiyo? Si watamwandikia mkurugenzi barua ya kuomba kazi wakisema "mimi ni uhasibu"? Jibu langu ni kwamba dhana yenyewe ya sajili inatukinga na hofu hiyo, ikifundishwa inavyopaswa. Halliday na wenzake, McIntosh na Strevens, walipoieleza katika kitabu chao cha mwaka 1964, walisisitiza kwamba mtu huyohuyo huwa na lugha mbalimbali kulingana na shughuli anayoifanya. Anayejua sajili anajua lini na wapi. Daktari haandiki barua ya mapenzi kwa lugha ya cheti cha dawa, wala hatusemi kwamba lugha ya cheti cha dawa haina sarufi. Tunasema ina mahali pake. Kijana akifundishwa kwamba "ugali amelipa" kuna kanuni inayoielekeza, na kwamba kanuni hiyo inahitaji mambo fulani ili ifanye kazi, yaani mteja aliyeagiza, chakula kinachomtambulisha miongoni mwa wengine, na mhudumu asiyejua majina ya watu arobaini, hataihamishia katika barua ya kazi, kwa maana ataona mwenyewe kwamba mambo hayo hayapo humo. Anayefundishwa kwamba ni makosa matupu hana cha kumwongoza isipokuwa woga.

Tena lugha rasmi yenyewe haioni haya kuchota kutoka chunguni. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno "mama ntilie". Asili yake ni ombi la mteja aliyenyoosha sahani: mama, nitilie. Kauli ya mwenye njaa imegeuka nomino, imekuwa jina la kazi, na leo inaandikwa magazetini bila alama za kunukuu na bila mtu kuomba radhi. Kama hiyo si lugha inayofuata kanuni za uundaji wa maneno, basi sijui kanuni ni nini.

Hadi hapa nimeisifu hoteli ile. Lipo moja ambalo sikulipenda, nalo liko ukutani. Ubao wa vyakula, mkubwa na mpya, umeandikwa wote kwa Kiingereza, kuanzia salamu ya kuwakaribisha wateja hadi onyo kwamba hakuna mkopo. Katika saa niliyokaa pale sikumsikia mtu yeyote akiagiza kwa Kiingereza. Wazee waliagiza kwa Kikuyu. Vijana, askari, madereva wa magari ya Nanyuki na Isiolo, na wanafunzi waliozaliwa mbali na mlima waliagiza kwa Kiswahili. Ubao ulikuwa ukiwahutubia watu wasiokuwapo.

Aliingia nyanya mmoja mwenye kikapu, akautazama ubao kwa muda mfupi kama mtu anavyotazama mawingu, kisha akauliza kuna nini. Msichana akamjibu kwa heshima zote na kwa pumzi moja: "Cucu, kuna ugali, kuna wali, kuna chapati, kuna githeri na mukimo, kitoweo ni nyama, matumbo, kuku, ndengu, maharagwe, mboga ni kabeji na sukuma." Orodha halisi ya vyakula ya hoteli ile ndiyo hiyo, nayo haikuandikwa popote. Iko kichwani mwa mhudumu, kwa Kiswahili, na huitamka mara mia kwa siku kwa sababu ubao haufanyi kazi yake.

Nilipokuwa nikilipa nilimuuliza mwenye hoteli, kwa namna ya mzaha, kwa nini ubao usiongee kama wahudumu wake. Akaniambia, "Mwalimu, nikiandika Kiswahili watu watafikiri ni kibanda." Hakuna katika jibu hilo la kucheka. Ni mfanyabiashara, amekopa fedha, na anajua soko lake. Kinachonitia huzuni ni kwamba huenda anasema kweli. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara hiyo haikufika ukutani, wala sitaki ifikishwe huko kwa amri ya kaunti. Sheria ya kumlazimisha mtu kuandika "nyama" ingenichukiza kama inavyonichukiza hali ya sasa. Ila nauliza ni nani aliyemfundisha mama yule, na wateja wake, kwamba Kiswahili cha chakula ni lugha ya kibanda. Jibu moja ni darasa la isimujamii.

Tazama kilichopotea kati ya ubao na meza. Nafaka ile ya kijani ambayo ubao unaiita kwa jina la Kiingereza, watu wote mle ndani waliiita ndengu. Kamusi za Kiswahili zinaiita choroko, na dengu ya pwani ni kitu kingine. Basi sahani moja ina lugha tatu: ya ubaoni, ya kamusini na ya mdomoni. Mwanafunzi wa Othaya anakula ndengu Jumatatu, anasoma choroko Jumanne, na hakuna mtu anayemwambia kwamba ni kitu kimoja. Vivyo hivyo minji ni njegere, na waru ni viazi. Mimi si miongoni mwa wanaotaka ndengu ifukuzwe. Neno lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu wa Nyeri, Embu, Machakos na Nairobi, na linalotumiwa na watu wa makabila yote, limejipatia uraia. Ningetaka kamusi ziliandikie mlango wake, zieleze kwamba hutumika bara, na kumwelekeza msomaji kwa choroko.

Biashara hiyo ya maneno haikuanza leo, wala haikwenda upande mmoja. Chukua meza ya chai katika nyumba yoyote ya Mkikuyu, mbali na mji. Meza yenyewe ni metha. Juu yake kuna thani, gĩkombe na gĩciko, na vitakavyowekwa humo ni cai, thukari na mũgate. Na siku ya sherehe, mũcere. Karibu kila kitu kilichoko mezani kina jina lililotoka Kiswahili: sahani, kikombe, kijiko, chai, sukari, mkate, mchele. Maneno hayo hayakuvamia. Yaliingia na vitu vyenyewe, kwa njia ya wafanyabiashara na askari na watu waliorejea kutoka miji mingine, kisha yakavishwa nguo za kienyeji. Kikuyu haina sauti ya s, hivyo sahani ikawa thani na sukari ikawa thukari. Kiambishi ki- kikawa gĩ- katika gĩkombe na gĩciko, kwa kufuata kanuni ambayo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl, kanuni iyo hiyo inayoonekana mwanzoni mwa neno githeri. Mlima nao ukalipa deni. Githeri, mukimo na ndengu ni maneno ambayo Mkenya wa Kisumu au wa Mombasa huyatumia katika Kiswahili chake bila kuhisi kwamba ameazima. Mkulima wa mpunga wa Mwea na mpishi wa pilau wa Majengo wamekuwa wakila katika sahani moja ya maneno kwa miaka mingi. Ubao wa Kiingereza unaifuta biashara yote hiyo kwa mkupuo mmoja, upande wa Kikuyu na upande wa Kiswahili.

Mwalimu anayesoma haya na mwenye wanafunzi hamsini darasani atauliza afanye nini, maana maktaba yake ina nakala sita za kitabu kile kile. Namkumbusha William Labov. Mwaka 1962 aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la watu wa kipato cha chini, akawa anawauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambazo alijua tayari ziko orofa ya nne, ili tu awasikie wakitamka maneno hayo mawili ya Kiingereza yenye sauti ya r. Baada ya kila jibu alijitenga akaandika. Hakuwa na mashine. Alikuwa na miguu, kalamu na swali lililofikiriwa vizuri, na kazi hiyo ndogo ni miongoni mwa misingi ya isimujamii hadi leo. Karatina ina soko ambalo si geni kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki, na soko hilo limezungukwa na vibanda vya chakula. Nanyuki, Chuka, Kerugoya na Embu hazikosi hoteli ambazo wanafunzi wetu hupita mbele yake kila siku wakienda shuleni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi na atende. Apewe juma moja la kusikiliza, aandike sentensi ishirini alizozisikia, apange zile ambazo jina la chakula limesimama mahali pa mtu na zile ambazo limebaki chakula, kisha aangalie upatanisho. Asiandike jina la mtu yeyote, na aombe ruhusa ya mwenye hoteli kwanza. Huo nao ni utafiti. Akiwa na wazazi au jamaa wenye kibanda, aanzie hapo, na awe mwenye data bora darasani kuliko mtoto wa meneja.

Kwa watahini nina pendekezo dogo. Badala ya kuuliza tena sifa nne za sajili ya hotelini, waulize hivi: Mhudumu alisema "wale chapati wawili wanataka chapati mbili tena". Eleza kwa nini hakusema "zile chapati mbili zinataka". Alama 4. Mwanafunzi atakayejibu kwa kutaja ngeli, na kutenganisha neno linaposimama kwa mtu na linaposimama kwa chakula, apewe zote. Atakayejibu kwamba wahudumu hawazingatii kanuni za sarufi asipewe hata nusu, na mwalimu wake aandikiwe barua.